Kimea Kilichomo Ndani ya Kopo

Somo la redioni kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mwalimu wenu ameweka mezani vitu vitatu tulivyoomba juma lililopita: kopo tupu la kinywaji cha chokoleti, konzi moja ya ulezi, na kikombe cha maziwa. Kama maziwa yamekosekana, msijali. Pengine yamenywewa na watoto asubuhi, na huko ndiko yalikofaa kwenda.

Leo tutazungumza habari za ule unga wa rangi ya udongo mwekundu unaokorogwa katika kikombe cha moto. Wengi huuita kwa majina ya makopo yake: Milo, Ovaltine, Bournvita. Wengine husema kakao tu, au chokoleti. Maduka ya Arusha mjini yanao, na vibanda vya Tengeru, Usa River na Ngaramtoni vinao pia, katika makopo makubwa na katika vipakiti vya kutumia mara moja.

Sababu ya kuchagua somo hili ni mama mmoja wa darasa letu la huku chini ya mlima. Aliniambia, "Mwalimu, mwanangu ana mwaka mmoja na nusu. Kila asubuhi na kila jioni nampa kinywaji cha kopo. Mbona kwenye mizani ya kliniki haongezeki?" Nikamwuliza, "Mama, unakikoroga na nini?" Akajibu, "Na maji ya moto. Maziwa ya ng'ombe wetu tunayauza, ndiyo tunapata fedha ya kununua hilo kopo."

Nilinyamaza kidogo. Sikutaka kumjibu kwa haraka, maana alikuwa ametoa fedha yake kwa moyo mwema. Jibu lake ni somo la leo, na ili tulifahamu yatupasa tuanzie mbali, tena nje ya nchi yetu.

Katika Ujerumani alikuwako mtaalamu wa kemia jina lake Justus von Liebig. Zamani zile watoto wachanga wengi wa Ulaya walikuwa wakifa, hasa wale waliokosa maziwa ya mama. Mwaka 1865 Liebig alitangaza chakula cha watoto kilichopikwa kwa unga wa ngano, maziwa ya ng'ombe na kimea cha shayiri. Kimea mnakijua: ni nafaka iliyoloweshwa ikaota, kisha ikakaushwa. Liebig alitaka kimea kiusage wanga wa ngano kabla haujafika tumboni mwa mtoto, ili tumbo lake changa lipate wepesi.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana jambo hili ndilo kiini cha somo zima. Mbegu ikiwa kavu, chakula chake kimefungwa, kama ghala lililotiwa kufuli. Ikipata maji huamka, na ndani yake hutokea vitu vidogo sana viitwavyo vimeng'enya. Wanga ni kama ushanga mrefu uliotungwa shanga nyingi. Kimeng'enya hukata uzi ule, na shanga hutawanyika, nazo ni sukari. Kwa hiyo mbegu iliyoota ukiitafuna ina utamu. Hakuna aliyetia sukari humo. Wanga wenyewe umegeuka.

(Mwalimu asimamishe hapa. Wanafunzi wawili watatu waeleze kwa maneno yao wenyewe kimeng'enya hufanya kazi gani.)

Chakula cha Liebig kilikuwa na taabu kukipika, na watu wenye akili ya biashara wakaiona taabu hiyo. Ndugu wawili Waingereza, James na William Horlick, walihamia Marekani, wakafanya kazi katika mji wa Racine. Mwaka 1883 walipata hati ya haki ya kutengeneza unga wa kimea na maziwa uliokwisha kaushwa, ambao mtu akiutia maji ya moto huwa tayari kunywewa. Jina lao lingali juu ya makopo ya Horlicks mpaka leo.

Katika mji wa Bern, nchi ya Uswisi, mkemia Georg Wander naye alianza mwaka 1865 kutengeneza maji mazito ya kimea, mfano wa asali, kwa ajili ya wagonjwa na watu dhaifu. Mwanawe Albert aliendeleza kazi ya baba. Mwaka 1904 alichanganya kimea kile na maziwa, mayai na kakao, akakiita Ovomaltine. Neno "ovo" latoka katika jina la yai kwa Kilatini. Uingereza jina likafupishwa kuwa Ovaltine, na kiwanda kikajengwa katika kijiji cha Kings Langley. Katika miaka ya 1930 kampuni hiyo ilikuwa na mashamba ya mfano ya kuku na ng'ombe karibu na kiwanda, watu wayaone mayai na maziwa kwa macho yao. Siku hizi Ovaltine iuzwayo Uingereza haina yai tena. Yai limebaki katika jina.

Na kakao je? Hiyo ni mbegu ya mti wa Amerika ya Kati na Kusini, ambako wenyeji waliinywa karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Mwaka 1828 Van Houten wa Uholanzi alipata hati ya njia ya kukamua mafuta yake, na unga uliobaki ukawa mwepesi kukorogwa. Afrika Magharibi huikumbuka kwa jina la Tetteh Quarshie, anayesifiwa kuileta Ghana mwaka 1879. Katika Tanzania kakao hulimwa zaidi Kyela, kule kwenye joto na mvua karibu na Ziwa Nyasa. Huku kwetu Meru baridi haiiruhusu.

Mwaka 1934, wakati wa shida kubwa ya uchumi duniani, Thomas Mayne wa Australia alitengeneza Milo katika kampuni ya Nestlé. Jina alilichukua kwa Milo wa Croton, mpiga mieleka wa Wagiriki wa kale aliyesifiwa kwa nguvu zake. Miaka miwili kabla, kampuni ya Cadbury ya Uingereza ilikuwa imetoa Bournvita.

Basi tazameni safari yenyewe. Kilianza kama chakula cha kuokoa watoto na wagonjwa. Kikaishia kuwa biashara kubwa, tena biashara iliyofahamu mapema nguvu ya redio. Mwaka 1935 watengenezaji wa Ovaltine walianzisha kipindi cha watoto katika Redio Luxembourg, chenye nyimbo, beji na siri za chama, na watoto wa Uingereza wakajiandikisha kwa wingi. Nasema haya nikiwa mimi mwenyewe nazungumza redioni, nanyi mna haki ya kucheka. Redio hufundisha, na redio huuza. Msikilizaji ndiye wa kupambanua.

Sasa shikeni lile kopo tupu. Tafuteni mahali palipoandikwa viungo, yaani vitu vilivyochanganywa. Kanuni ni hii: kitu kilicho kingi kuliko vyote kwa uzito huandikwa kwanza, na kilicho kidogo huandikwa mwisho. Hii si hesabu ngumu, na mtu aliyejifunza kusoma miezi michache aweza kuifanya dukani akiwa amesimama. Katika makopo mengi mtakuta neno la kwanza au la pili ni sukari, jirani yake ni kimea, na kakao hufuata nyuma pamoja na maziwa ya unga. Mwishoni huja orodha ya vitamini na madini yaliyotiwa kiwandani.

Kiasi chake hubadilika kwa kila kampuni na kila nchi, lakini picha yake ni moja. Sukari za kila namna, yaani ile iliyotiwa pamoja na ile ya kimea na ya maziwa, mara nyingi huchukua karibu nusu ya uzito wa unga. Unga wa chokoleti usio na kimea huweza kuwa na sukari kupita theluthi mbili. Protini, ile ijengayo mwili, ni kidogo. Mtu akichota gramu 20, ndiyo vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, kwa kawaida atapata gramu 1 au 2 tu za protini. Lakini kikombe cha mililita 200 za maziwa ya ng'ombe kina protini karibu gramu 7, na kalsiamu, madini ya mifupa na meno, karibu miligramu 240.

Sitaki mseme mwalimu amelitukana kopo. Aina nyingine hutiwa madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu, na vitamini za jamii ya B, na nyinginezo. Hivyo ni vitu vya kweli. Kikombe cha unga huo katika maziwa kamili, kwa mtoto wa shule aliyetembea mwendo mrefu asubuhi yenye ukungu, si kitu kibaya. Nami nilipokuwa bwenini, mgeni akinijia na kopo nilikuwa tajiri kwa juma zima. Tulikuwa tukiulamba mkavu, bila maji. Lakini tujue nguvu zatoka wapi.

Jambo hili lilionekana wazi kule kule Australia. Serikali yao ina mpango wa kutia nyota juu ya vyakula, kuanzia nusu nyota mpaka 5, ili mnunuzi aone upesi kipi ni bora. Kopo la Milo lilikuwa na nyota 4 na nusu. Watu wa afya wakalalamika, kwa sababu nyota zile zilihesabiwa kwa vijiko vya Milo vilivyokwisha tiwa ndani ya maziwa yaliyoondolewa mafuta. Unga peke yake ulistahili nyota 1 na nusu. Mwaka 2018 kampuni ikaziondoa nyota zile. Nyota 3 zilizozidi zilikuwa za ng'ombe.

(Mwalimu asimamishe. Wanafunzi wajadili: mama anayeuza maziwa akanunua kopo amebadilishana nini na nini?)

Maziwa ya huku kwetu yana historia ambayo si vema kuipita kimya. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Ngarenanyuki. Nyumba zilichomwa moto. Ardhi ile ilitakiwa kwa ajili ya Wazungu wafuge ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York, akazungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Mwaka ule hawakurudishiwa ardhi yao, lakini dunia nzima ilisikia habari za malisho ya Meru. Wako wazee ambao habari hizo walizisikia kwa baba zao, si katika vitabu. Darasa lenye mzee wa namna hiyo limwombe azungumze kabla ya somo lijalo.

Sasa turudi kwenye konzi ya ulezi iliyo mezani. Kina mama wa Meru, Arusha na Uchagani, ni nani kati yenu asiyejua kuuotesha? Ulezi huloweshwa usiku, hufunikwa kwa majani ya mgomba mpaka uote, huanikwa, husagwa, hupikwa uji, ukachanganywa na maji ya ndizi zilizochachuka, ikawa mbege. Bibi zetu hawakuwa na neno kimeng'enya, lakini kazi yake waliijua vizuri. Walijua ulezi usioota hautoi mbege nzuri. Walijua siku ya kuuanika kwa kutazama urefu wa mzizi wake. Walichokifanya Wander na Horlick kwa shayiri kule Ulaya na Marekani, mama wa Meru alikuwa akikifanya nyuma ya nyumba yake.

Yako mambo yaliyotutenga na kimea. Nyumba nyingi za Wakristo, Walutheri na walokole, ziliacha kupika pombe. Sina neno na hilo. Baba aliyeacha ulevi ni faida kwa watoto wake. Lakini kwa maoni yangu tulipoitupa pombe tulitupa na kimea pamoja nayo, kama mtu amwagaye maji machafu na sabuni ndani yake. Kimea si pombe. Hakileweshi. Pombe huja baadaye, kinapochachushwa. Na shayiri ilimwayo huku kaskazini, Monduli, Karatu na Kilimanjaro Magharibi, huenda kwenye viwanda vya bia, hata watu wakadhani kimea hakina kazi nyingine duniani. Kisha tukaenda dukani tukakinunua ndani ya kopo, kikiwa kimetiwa sukari.

Wataalamu wetu wenyewe walikiona. Wazee mtakumbuka mwaka 1975, baada ya njaa ya mwaka 1974, vikundi vilikaa kando ya redio kusikiliza mafunzo ya "Chakula ni Uhai." Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa imeanzishwa mwaka 1973. Swali kubwa lilikuwa hili: kwa nini mtoto anayekula uji kila siku hudhoofu? Jibu moja lilikuwa tumbo. Mtoto wa kilo 8 tumbo lake hubeba kiasi cha gramu 240 tu kwa mlo mmoja. Uji mwepesi wa kunyweka, katika sehemu 100, huwa na unga sehemu 5 hadi 10. Zilizobaki ni maji. Mtoto hushiba maji. Mama akiuzidisha unga, uji huwa mzito kama ugali, na mtoto hushindwa kuumeza.

Mwaka 1983 A. C. Mosha pamoja na Ulf Svanberg walichapisha utafiti wao juu ya kimea. Walionyesha kwamba uji mzito, wenye unga sehemu 20 hivi katika 100, ukitiwa unga kidogo wa kimea huyeyuka mbele ya macho yako ukawa mwepesi wa kunyweka. Unga haukupungua, vimeng'enya vimekata nyuzi za ushanga. Mtoto hunywa kikombe kile kile, akapata chakula maradufu. Walikwenda pia katika kijiji cha Luganga, Iringa, wakawapikia watoto uji wa namna hiyo, kuona kama wataupenda na watakula kiasi gani.

Jambo hili kopo haliwezi kulifanya. Kimea cha kopo kimekwisha pita katika moto wa kiwandani, na moto mkali huua vimeng'enya. Kilichobaki ni utamu wake na harufu yake. Ukitia kijiko cha kopo katika uji mzito, uji utakuwa mtamu na utabaki mzito. Kimea cha nyumbani kingali hai.

Namna yenyewe ni hii. Chagua ulezi safi, uoshe, uloweshe usiku mmoja. Mwaga maji, uufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu siku mbili au tatu, ukiunyunyizia maji asubuhi na jioni. Ukiota, uanike juani mpaka ukauke kabisa. Usugue mizizi itoke, kisha usage. Ukiona ukungu au harufu mbaya, utupe wote bila huruma. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Tumia ulezi, usitumie mtama, kwa maana machipukizi ya mtama yana sumu. Ulezi tena una kalsiamu kupita miligramu 300 katika gramu 100, na nafaka nyingine za shambani hazifikii hapo.

Pika uji mzito, uutoe motoni, uuache upoe mpaka uwe wa vuguvugu. Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea kwa kila kikombe, ukoroge, ungoje dakika chache. Ukiisha kulainika urudishe motoni uchemke tena, ili vijidudu vife. Kisha ongeza maziwa, au karanga zilizopondwa.

Yule mama nilimwambia hivi. Mtoto aendelee kunyonya mpaka atimize miaka 2 na zaidi. Kabla hujaliuza galoni la maziwa, ondoa kikombe kimoja cha mtoto, ukichemshe. Uji wake uwe wa kimea. Sukari asiongezwe, Shirika la Afya Duniani lashauri hata mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na kwamba 25, ndizo vijiko 6 vya chai, ni bora zaidi. Kopo lililobaki wapewe wakubwa, katika maziwa. Na kwa kuwa mtoto alikuwa haongezeki, arudi kliniki, maana huenda yako mambo mengine, kama minyoo au malaria, ambayo uji hauyatibu.

Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, na mchungaji akinikuta naotesha ulezi?" Nikamwambia amwonjeshe uji.

Kazi ya darasa: kila mwanafunzi anakili kutoka kwenye kopo maneno matano ya kwanza ya viungo, na kiasi cha sukari katika gramu 100. Darasa liloweshe ulezi ule jioni hii, mwalimu aandike ubaoni siku ulipoota. Juma lijalo tutasoma habari za chumvi yenye madini joto. Kwaherini.